Jabali limeanguka jua likiwaka. Mvua inahusika vipi?

Msimamizi wa Mayungu ameuliza:

Hamjambo wote. Mimi natunza nyumba ya watu huku Mayungu, kati ya Malindi na Watamu. Mwenyewe ni Mtaliano, wageni wake huja Agosti, yeye huja Krismasi. Miezi mingine tupo mimi, mbwa, na kijana wa bustani. Nyumba imekaa juu ya jabali la tumbawe. Kutoka ukingoni hadi mchangani ni mita tano hivi, na kwa chini bahari imelila jabali likabaki limening'inia. Maji yakipwa, wavuvi wa pweza huja kupumzika kwenye kivuli hicho, wengine na watoto wao.

Mei hii tumepata masika ya kweli, ile mvua ya usiku kucha. Barabara yetu ikawa haipitiki ila kwa bodaboda mwenye roho ngumu. Katikati ya mvua hizo kijana wa bustani akaniita nione ufa kwenye nyasi, umekwenda sambamba na ukingo, kidole kinaingia. Nikachomeka kijiti kila upande nikawa napima kwa kamba. Ufa ukapanuka kidogo, kisha ukatulia. Mvua ikakatika, jua likatoka, bahari ikawa ya maji mafu, wimbi halifiki hata kwenye jabali.

Sasa baada ya siku kadhaa za jua, wakati wa alasiri, nikasikia ardhi imenguruma chini ya miguu. Kutoka nje nakuta kila kilichokuwa upande wa bahari wa ufa ule kimekwenda: nyasi, mvinje mmoja na sehemu ya ua. Chini ni mawe matupu na vumbi jekundu. Wavuvi walikuwa wameshaondoka, maji yalikuwa yanajaa.

Nauliza hivi. Kwa nini lianguke jua likiwaka, si siku ile ya mvua? Na kama bahari ilikuwa imelala, nani amelisukuma? Tena kuna ufa mwingine mwembamba umeanza nyuma ya pale, karibu na bwawa la kuogelea. Tajiri amepiga simu anataka nimwage zege ndani ya ufa, yaishe. Fundi mwashi anataka tujenge ukuta chini. Kila mmoja ana dawa ya saruji, na hakuna aliyeniambia ugonjwa ni gani.

Ukaya Nyekundu:

Kaka, hilo jabali lina wenyewe. Mapango kama hayo wazee walikuwa wakiyafukizia ubani. Mmeacha, sasa mnashangaa nini?

Msimamizi wa Mayungu:

Ubani nitautia, sina ubishi. Tatizo ni tajiri, ataniuliza risiti.

Fundi Visima:

Mwanangu, nimechimba visima tangu Mambrui hadi Gede, na jabali hili nyinyi mnaliona uso, mimi nalijua tumbo. Huko kwenu ukianza juu unapata udongo mwekundu wa kichanga, mahali pengine unafika goti, mahali pengine haupo kabisa. Halafu kuna gamba gumu la tumbawe, hapo sururu inatoa cheche. Ukishalivunja gamba hilo unadhani kazi ndiyo imeanza, kumbe imekwisha: chini yake ni tumbawe lililooza, mitobo ya kuingiza mkono, mifuko ya mchanga, makombe ya zamani. Sururu inazama yenyewe. Watu huona jabali wakadhani ni jiwe moja, ndiyo maana wanajenga juu yake bila wasiwasi.

Angalia jambo moja. Mvua kubwa ikinyesha Mayungu, umeona kijito? Hakuna. Maji yamemezwa yote. Yanashuka kwenye mitobo ile, na yakikutana na tabaka lisilopitisha maji yanageuka na kuelekea baharini. Nimekuwa ndani ya kisima mvua imeshasahaulika juu, watu wanaanika nguo, na ukuta wa kisima bado unatokwa maji. Kwa hiyo jua ulilolipata wewe lilikausha nyasi. Ndani kulikuwa masika bado.

Kabla hatujafika kwenye zege, nijibu. Maji ya paa yanakwenda wapi? Bwawa likisafishwa, maji yake yanamwagwa wapi? Na shimo la maji taka liko upande gani?

Msimamizi wa Mayungu:

Shikamoo mzee. Nyumba nilivyoikuta ni hivi: gata zote zinaingia kwenye bomba moja, na bomba linatokea kwenye maua, hatua chache kutoka ukingoni. Maji ya bwawa yanatoka hapohapo. Shimo la maji taka liko kati ya bwawa na bahari. Sijui walifikiria nini, maana kusi ikivuma harufu yote inarudi sebuleni. Paa ni la vigae, kubwa, kama mita za mraba 200.

Fundi Visima:

Marahaba. Basi ugonjwa umeutaja mwenyewe. Mwalimu akipita hapa atakufanyia hesabu.

Mwalimu wa Jiografia, Gede:

Nimepita. Hesabu ni nyepesi. Mvua ya milimita 100 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 20,000, yaani tani 20 za maji, na hilo ni paa tu. Mvua yenyewe ingeyatawanya maji hayo kila mahali. Nyumba yako imeyakusanya na kuyapeleka kwa bomba moja mahali ambapo jabali halina kitu cha kuliegemeza mbele wala chini. Na kwa mwaka Malindi hupata zaidi ya milimita 1,000, Mei ikiwa ndiyo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Piga mwenyewe.

Kuhusu nani amesukuma. Udongo na mawe yaliyovunjika husimama kwa sababu chembe zimelaliana na uzito unazibana zisiteleze. Nafasi zilizo kati yake zikijaa maji, maji hayo nayo yanasukuma pande zote, yanazipunguzia chembe ule mbano. Uzito haujapungua, umeongezeka. Kilichopungua ni kushikana. Tena kuna unyevu mdogo ambao huushika mchanga pamoja, kila mtoto aliyejenga nyumba ya mchanga ufukweni anaujua, na ukizidisha maji nyumba inamwagika. Mifuko ya mchanga anayoisema mzee ndiyo hufanya hivyo ndani ya jabali.

Kisha ufa. Ufa ukishika maji, maji yale yanakisukuma nje kipande cha mbele, na msukumo hauendi sawasawa na kina: kina kikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Ndiyo maana ufa uliotulia wiki nzima unaweza kuja kufanya kazi kwa usiku mmoja. Wako ulifunguka katikati ya mvua. Hapo jabali lilikuwa limeshakatika, limebaki kushikiliwa na kitu kidogo chini. Maji ya ndani yalipofika kwenye hicho kitu kidogo, juu ilikuwa jua.

Bahari usiisamehe, lakini. Ni kweli siku ile ilikuwa imelala, ila ule mdomo ulioliwa chini ni kazi yake ya miaka mingi, na hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita tatu, hivyo mawimbi yana mahali pa kupiga. Jabali letu lenyewe ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni mawe ya chokaa, na maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hupata ukali mdogo unaoyayeyusha mawe ya chokaa polepole. Mitobo ya mzee imetokana na hapo. Nenda ukaangalie rasi yenye mnara wa Vasco da Gama pale mjini, usiangalie mnara, angalia chini yake.

Nina mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi. Juni 1993 katika mji wa Scarborough, Uingereza, kulikuwa na hoteli, Holbeck Hall, juu ya genge la mita 60. Udongo kama tani milioni moja uliteleza, ukingo ukarudi nyuma mita 70, hoteli ikavunjika. Mvua ya miezi miwili kabla ya hapo ilikuwa milimita 140 tu. Sisi Mei moja ya kawaida inapita hapo. Ingekuwa wingi wa mvua peke yake ndio unaobomoa, Malindi isingekuwapo kwenye ramani. Genge lao ni la udongo mzito ulioachwa na barafu ya kale, maji yakiingia hayatoki upesi, na njia za kuyatoa pale hazikuwa sawa. Letu ni fupi, la tumbawe, lina mitobo ya kujitolea maji. Ila mitobo ikizibwa, au ikipewa maji kuliko inavyoweza kutoa, tofauti hiyo inapungua.

Na kuhusu kuchelewa, upo ushahidi mzuri kutoka kijiji cha La Conchita, California, kilicho chini ya genge la pwani. Mwaka 1995 mvua kubwa ilinyesha Januari, genge likashuka tarehe 4 Machi. Lilikuwa anguko la kina, lilikuja polepole, likaharibu nyumba na hakuna aliyekufa. Tarehe 10 Januari 2005, mahali palepale, udongo ukaja kwa kasi baada ya mvua mfululizo ya wiki mbili hivi, watu 10 wakafa. Kwa hiyo usimsikilize anayekwambia eti hatari ni siku ya mvua, wala anayesema hatari ni baadaye. Tabaka la juu huanguka mvua ikiwa bado ipo, la ndani husubiri maji yafike.

Dereva wa Watalii:

Mwalimu, umeeleza vizuri sana, lakini tajiri ni Mtaliano. Hoteli ya Uingereza haitamgusa. Kaka, mtajie Casamicciola, kisiwa cha Ischia, tarehe 26 Novemba 2022. Mvua ya saa chache ilishusha tope kutoka mlimani, likapita katikati ya nyumba hadi baharini, watu 12 wakafa. Wataliano wa hapa Malindi wiki ile hawakuwa na habari nyingine kwenye baa zao za kahawa. Ule ni mlima, huku ni jabali, najua, mwalimu usinirukie. Nasema ukitaka zege lisimame na bomba lihamishwe, anza na jina hilo.

Na wanaodhani bahari ndiyo hubomoa kila kitu, twendeni Nyari, Marafa. Ni kilomita 30 na kitu kutoka mjini, bahari huioni wala huisikii, na yale magenge mekundu yamechongwa na mvua na upepo. Mimi wageni wangu siku za masika siwapeleki ukingoni hata wakilipa.

Binti Shela:

Natoka Amu, yaani Lamu. Huku magenge hatuna, tuna vilima vya mchanga vya Shela, na kisa chake ni kirefu, maana maji ya mji yanatoka chini ya vilima hivyo. Nataka kusema kuhusu saruji.

Nyumba zetu za mji wa kale ni mawe ya tumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa ukilowa, unakauka wenyewe kwa sababu chokaa inapitisha. Anakuja mtu na nia njema, anaupiga plasta ya saruji kwa nje ili mvua isiingie. Mvua inaingia kwa juu, kwenye dari, inashuka ndani ya ukuta, haioni pa kutokea. Masika mawili matatu ukuta unafanya tumbo. Siku unaanguka, plasta inakuja nzima, nzuri kabisa, na nyuma yake ni kifusi cha tope.

Kwa hiyo huyo fundi anayetaka kujenga ukuta chini ya jabali, mwulizeni maji yatatokea wapi.

Fundi Visima:

Binti umesema neno ambalo nilikuwa nalitafutia mlango. Ukuta wa chini bila matundu ya kutoa maji ni kuliziba jabali mdomo. Na wimbi likipiga ukuta uliosimama wima linarudi na mchanga wa chini, baada ya kusi mbili msingi uko wazi. Nimeona kuta za namna hiyo zimelala kifudifudi ufukweni, na wenyewe bado wanalipa deni.

Zege ndani ya ufa? Unaongeza mzigo mahali panapotaka kwenda, na zege halishikani na tumbawe lililooza. Kipande kitakwenda na zege lako.

Fanya hivi. Kwanza bomba la paa. Ling'oe pale kwenye maua, lirudishe upande wa barabara, au bora zaidi liingize kwenye tangi. Mayungu nzima inalia maji Januari na nyinyi mnayamwaga baharini. Maji ya bwawa vilevile. Shimo la maji taka lihamishwe nyuma ya nyumba, hilo ndilo la gharama, na ndilo hatari zaidi kwa sababu mvua ina msimu lakini choo hakina msimu. Kijana wa bustani apunguze kumwagilia nyasi za ukingoni. Pale pana mvinje mwingine?

Msimamizi wa Mayungu:

Ipo miwili, mirefu. Kusi ikivuma inayumba mpaka naona udongo wa shinani unainuka.

Fundi Visima:

Ikate kwa juu, usiing'oe. Mizizi inashika, shina refu linatikisa.

Mwalimu wa Jiografia, Gede:

Hapo kwenye ufa nitofautiane na mzee kidogo. Zege hapana, nakubali. Lakini ufa kuuacha wazi ni kuyakaribisha maji ya mvua inayofuata, na vuli haiko mbali. Uzibe kwa juu tu, kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na uuinue kidogo ili maji yateleze kuelekea kwenye mfereji upande wa nyumba. Turubai linafaa kwa muda.

Fundi Visima:

Mfinyanzi sawa. Turubai kusi italipeleka Lamu.

Mwalimu wa Jiografia, Gede:

Weka mawe juu yake basi. Na hili si la mabishano: bwawa liko ndani ya eneo linaloweza kuondoka. Bwawa la mita 10 kwa tano, kina cha mita moja na nusu, ni tani 75 za maji. Kama linavuja, unalisha ufa mchana na usiku bila mvua. Lijaze, zima pampu, weka alama kwenye kigae, uangalie asubuhi. Weka na ndoo ya maji pembeni, ili ujue jua limekunywa kiasi gani. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja, na ulitoe maji taratibu, yasipitie ukingoni. Kisha aje mhandisi wa miamba aone, na kabla ya kujenga chochote ufukweni lazima NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wahusishwe. Hilo la NEMA mwambie tajiri mapema, maana mwashi hatamwambia.

Mvuvi wa Pweza:

Mmezungumza mambo ya juu, mimi wa chini. Tunaokaa kwenye kivuli hicho ni sisi. Wakati wa masika na wiki zile za baada yake sikai chini ya jabali, nakaa juani na kofia yangu. Jabali likitaka kuanguka huwa linasema. Mchanga unaanza kuchuruzika kwenye mstari mmoja na hakuna upepo. Vijiwe vidogo vinadondoka kimoja kimoja. Maji yanatoka usoni mwa jabali mahali ambapo hayakuwa yakitoka, na ukiyaonja ni matamu, si ya chumvi, basi ujue ni ya juu hayo. Au mahali palipokuwa pakitoka maji pamekauka ghafla, hapo mimi naogopa zaidi, kuna kitu kimeziba ndani.

Msimamizi, ukiona ufa juu, shuka utuambie. Usitungoje tuone wenyewe. Na mawe yale yaliyoanguka msiyaondoe wala msiyauze kwa wajenzi, yanavunja wimbi lisifike kwenye mdomo wa jabali.

Msimamizi wa Mayungu:

Nashukuru nyote. Nimefunga kamba nyekundu juu na kibao chini, na nimezungumza na mzee wa wavuvi wa hapa, wamehamia kwenye mikoko ya pembeni. Tajiri nimempigia. Nilipotaja Casamicciola alinyamaza, kisha akauliza bomba linagharimu kiasi gani. Bomba na tangi amekubali. Mawe yatabaki palepale, ingawa lori moja limeshakuja kuyaulizia. Bwawa nimelipima na ndoo kama mwalimu alivyosema: limeshuka kuliko ndoo. Nimeanza kulitoa maji kwa mpira hadi upande wa barabara.

Shimo la maji taka ndilo amegoma. Anasema lisubiri Desemba aje alione mwenyewe. Mzee, likisubiri hadi Desemba, vuli ikiwa katikati, itakuwaje?

Fundi Visima:

Nyumba ikiwa haina wageni, shimo halipokei kitu isipokuwa chenu nyinyi wawili. Liitie gari la kunyonya sasa hivi, libaki tupu, na nyinyi mtumie choo cha nje kilicho upande wa geti. Funika mfuniko vizuri maji ya mvua yasiingie. Ila wageni wa Agosti wasije kabla halijahamishwa. Kama atang'ang'ania waje, niandikie faragha, nitakuja na fimbo ya kupimia nikuonyeshe wapi nyuma ya nyumba gamba ni jembamba, tuchimbe jipya kabla hawajafika. Kwa watu watatu ni kazi ya wiki, sururu mlete zenu.